Maji ya Mwalo na Chupa ya Darasani

Historia ya dhahabu katika ukanda wa Geita na Shinyanga nchini Tanzania huandikwa zaidi kama historia ya migodi mikubwa, tangu Wajerumani walipogundua dhahabu Geita mwaka 1898, kupitia mgodi ulioanzishwa enzi ya ukoloni na kufungwa mwaka 1966, hadi migodi ya Bulyanhulu na Geita mpya ya mwanzoni mwa karne hii. Pembeni yake ipo historia ya wachimbaji wadogo, ambao elimu yao kubwa ni elimu ya maji.

Kwenye mwalo, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, mawe yaliyosagwa na karasha, mashine ya kusagia mawe, humwagiwa maji juu ya ubao ulioinama uliotandikwa magunia. Maji hukokota mchanga, nayo dhahabu, ambayo uzito wake ni takribani mara 19 ya maji ya ujazo uleule, ilhali kwatzi, lile jiwe jeupe linaloizunguka, haifiki mara 3, hunasa kwenye nyuzi. Kusaga huifungua dhahabu iliyofichwa ndani ya jiwe, na pia hufanya chembe zikaribiane ukubwa, jambo ambalo ni muhimu kwa sababu kipande kikubwa cha kwatzi kinaweza kuzama upesi kuliko punje ndogo ya dhahabu, na hapo maji hushindwa kuzitenganisha.

Kanuni hiyo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuiona kwa chupa ya plastiki yenye maji, kokoto, mchanga na udongo wa mfinyanzi: ikitikiswa kisha ikatulizwa, kokoto hutangulia chini, mchanga hufuata, na mfinyanzi hubaki ukielea kwa saa nyingi. Akizungusha mchanga na nati chache za chuma ndani ya karai la maji, mchanga humwagika ukingoni na nati hubaki.

Ni jambo la kuumiza kwamba watoto wengi wameyajua hayo mahali pasipostahili. Uchunguzi wa shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch uliochapishwa mwaka 2013 uliwakuta watoto migodini Geita, Shinyanga na Mbeya, wengine wakishika zebaki, metali ya majimaji inayoshikamana na dhahabu na ambayo mvuke wake, inapochomwa, hudhuru ubongo, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikuwa imekwisha kukataza kazi za hatari kwa watoto. Maarifa ya mwalo yanastahili kuingia darasani bila mtoto kupelekwa mwaloni, tena pamoja na somo la pili la chupa ileile: maji yaliyotuama yakawa maangavu si lazima yawe salama, kwani floraidi, chumvi inayozidi kiwango katika baadhi ya visima vya Shinyanga na kuharibu meno, imeyeyuka ndani ya maji na haitui chini hata yakiachwa mwezi mzima.