Joto la Kuazima: Karne Moja ya Kuwasha Dizeli Kwenye Baridi Kali

Februari 1936, kwenye maonyesho ya magari ya Berlin, kampuni ya Daimler-Benz ilizindua Mercedes-Benz 260 D, gari la abiria lenye injini ya dizeli ya lita 2.6 na nguvu za farasi 45. Madereva wa teksi walilipenda mapema, na hesabu yao ilikuwa rahisi: lilikunywa takriban lita 9 na nusu kwa kilomita 100, wakati gari la petroli la ukubwa huo lilihitaji kama lita 13. Hadi utengenezaji uliposimama mwaka 1940, magari yapatayo 2,000 yalikuwa yametoka kiwandani. Ila dereva wa 260 D alikuwa na kazi moja ambayo mwenzake wa petroli hakuwa nayo. Alfajiri ya Januari, kabla ya kupiga stata, ilimbidi asubiri.

Historia ya dizeli na baridi imo ndani ya kusubiri huko. Kwangu mimi ni moja ya sura nzuri kabisa katika historia ya magari, maana humo fundi, mkemia na dereva wa kawaida walipambana na adui mmoja kwa karibu miaka mia, na kila mmoja alishika kipande chake cha jibu.

Injini ya petroli huwashwa na cheche. Dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, aliitegemeza injini yake juu ya jambo ambalo kila aliyewahi kujaza upepo kwenye tairi la baiskeli amelihisi kiganjani: hewa ikibanwa hupata moto. Pistoni inaibana hewa hadi ibaki kwenye sehemu moja kati ya ishirini ya nafasi yake ya awali, joto linapanda kupita nyuzi 500 za Selsiasi, nozeli inanyunyiza mafuta, nayo yanawaka yenyewe. Injini ya majaribio ilizungushwa Augsburg mwaka 1893, na ile iliyofanikiwa kweli ilipimwa mwaka 1897.

Sasa ichukue injini hiyo uilaze nje usiku kucha, nyuzi 20 chini ya sifuri. Chuma cha silinda kinanyonya joto mara tu linapozaliwa. Oili imekuwa nzito, stata inajikokota, na pistoni inapopanda kwa uvivu hewa inapata nafasi ya kuvuja pembeni mwa ringi. Betri, ambayo ndiyo tegemeo la mwisho, imepoteza nusu ya nguvu zake au zaidi. Mafuta yananyunyizwa kama kawaida, lakini yanatoka kwenye ekzosi yakiwa moshi mweupe wenye harufu kali, mafuta mabichi ambayo hayakupata joto la kuyawasha. Injini haina ubovu wowote. Imepungukiwa joto tu, na joto hilo lazima liazimwe kutoka mahali fulani.

Injini za mwanzo zilikuwa za viwandani, zimefungwa mahali pamoja, na ziliwashwa kwa hewa iliyohifadhiwa kwenye mitungi kwa shinikizo kubwa. Ndugu yao wa karibu, injini ya kichwa cha moto iliyotokana na kazi ya Mwingereza Herbert Akroyd Stuart, iliazima joto waziwazi kabisa. Trekta la Lanz Bulldog, lililoanza kutengenezwa Mannheim mwaka 1921, lilikuwa na silinda moja tu, na mwenye nalo alikielekezea kichwa cha silinda hiyo mwali wa taa ya kupuliza kwa dakika kadhaa. Kilipopata moto wa kutosha, alichomoa usukani pamoja na mhimili wake, akauchomeka kwenye gurudumu zito la injini na kuizungusha kwa mikono.

Wamarekani wa Caterpillar walipata njia nyingine. Trekta lao la kwanza la dizeli, la mwaka 1931, lilibeba injini mbili: kubwa ya dizeli, na ndogo ya petroli ya kuiwashia ile kubwa. Uzuri wa mpango huo ni kwamba injini ndogo haikuzungusha tu. Katika matrekta yaliyofuata, maji yake ya kupozea yalipita pia kwenye injini kubwa, hivyo ikiachwa ingurume kwa muda iliipasha mwenzake mwili mzima. Matrekta ya namna hiyo yalifika hadi Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili, kwenye Mpango wa Karanga, mradi wa kikoloni wa kulima karanga, ambako hakuna aliyehitaji kupashwa joto na yeyote.

Gari dogo halikuwa na nafasi ya kubeba injini mbili. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulipita. Kilichoiwezesha dizeli kuingia kwenye gari la abiria ndicho hichohicho kilichoifanya iwe dhaifu mbele ya baridi. Mwaka 1909 Prosper L'Orange, mhandisi wa Benz, alipata hataza ya chumba kidogo cha kutangulia, kilichokaa juu ya silinda. Mafuta yalianza kuungua humo, kisha moto ukasukumwa kwenye silinda kwa utaratibu. Mlio ukapungua, shinikizo la pampu likapungua, injini ikaweza kuwa ndogo na yenye adabu. Lakini chumba hicho kiliongeza ukubwa wa kuta za chuma, na kila ukuta baridi ni mwizi wa joto. Bila msaada, injini ya aina hii hugoma hata kwenye baridi ya kawaida. Ndiyo sababu kila chumba kikapewa plagi ya hita.

Tuikaribie Mercedes 190 D ya miaka ya 1960. Kwenye dashibodi pana kitufe cha kuvuta, na karibu yake kidirisha kidogo chenye wavu, nyuma yake waya uliojikunja. Dereva anavuta kitufe hatua ya kwanza, umeme unaenda kwenye plagi nne, na waya ule wa kwenye dashibodi, uliounganishwa katika msururu uleule, unaanza kubadilika: mweusi, mwekundu wa giza, kisha rangi ya chungwa. Hapo anavuta hatua ya mwisho na stata inakamata. Kwenye baridi kali kusubiri huko kulifika dakika moja hivi, na Wajerumani wakaupa muda huo jina: dakika ya kumkumbuka Rudolf Diesel.

Kwa kuwa plagi zilifungwa kwa msururu, umeme ukipita hii ndipo uifikie ile, plagi moja ikikatika zote nne zilikufa, na waya wa dashibodi ukabaki mweusi. Fundi hakuhitaji kifaa cha kupimia. Alichukua bisibisi, akaruka nayo plagi moja baada ya nyingine ili kuunganisha njia, na pale waya wa dashibodi ulipowaka ndipo alipojua mgonjwa ni nani. Nauheshimu sana ubunifu huu. Gari lilimwambia mwenye nalo hali yake kwa lugha ya macho, na yeyote aliyekuwa na bisibisi alikuwa na uwezo wa kulitibu.

Vita vilikuwa vimeshafundisha mengi kwa ukatili. Majira ya baridi ya 1941, karibu na Moscow, kipimajoto kilishuka chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Kifaru cha Kisovieti T-34, chenye injini ya dizeli ya silinda 12 na nguvu za farasi 500, kilikuwa na mitungi ya hewa iliyobanwa ya kuiwashia injini endapo betri zingeshindwa, wazo lilelile la injini za mwanzo za viwandani. Askari wa pande zote mbili waliwasha moto chini ya injini zao. Wajerumani walijifunza kuchanganya petroli kidogo kwenye oili jioni kabla ya kuzima, ili asubuhi iwe nyepesi; injini ikishapata moto, petroli ile ilifuka yenyewe.

Lakini hata injini iliyopashwa vizuri haiwaki ikiwa mafuta hayafiki. Dizeli ina nta ndani yake. Ikipoa huingia ukungu, kisha chembe za nta hujikusanya na kuziba filta, na gari huzima, pengine baada ya kutembea kilomita kadhaa tu. Wasafishaji wa mafuta hutengeneza dizeli ya majira ya baridi. Ujerumani leo huuza inayopita kwenye filta hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na nchi za kaskazini zaidi zina madaraja yanayofika nyuzi 44. Zamani dereva alijichanganyia mwenyewe. Vitabu vya mwongozo vya Mercedes za dizeli za miaka ya 1970 viliruhusu petroli ya kawaida hadi asilimia 30, au mafuta ya taa kwa kiasi kikubwa zaidi.

Msomaji wa huku kwetu atashtuka. Mafuta ya taa ndani ya dizeli ni uchakachuaji. Tanzania huyatia mafuta vinasaba ili kuwanasa wanaofanya hivyo, na Kenya mwaka 2018 iliyatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita kwa sababu hiyohiyo. Kule kwenye barafu kitendo kilekile kilikuwa dawa iliyoandikwa na mtengenezaji. Pampu za zamani ziliivumilia. Pampu za leo, zenye shinikizo kubwa mno na zinazotegemea dizeli yenyewe kuwa kilainishi, huharibika.

Jawabu la unyenyekevu zaidi lilitoka North Dakota. Andrew Freeman, meneja wa ushirika wa umeme huko Grand Forks, alitengeneza hita ya umeme inayokaa mahali pa boliti ya kichwa cha silinda, na mwaka 1949 akapewa hataza yake. Unachomeka waya ukutani usiku, asubuhi injini ina vuguvugu. Leo maegesho ya Winnipeg na Fairbanks yana soketi kwenye nguzo, na Finland vilevile. Wakongo, Warundi na Wakenya waliohamia Manitoba na Minnesota hukutana na waya ule unaoning'inia mbele ya gari katika msimu wao wa kwanza, na wengi hudhani kuna kitu kimekatika. Huko Yakutsk, ambako wastani wa Januari hukaribia nyuzi 40 chini ya sifuri, wapo wanaoifunika injini kwa blanketi nene, na wapo wasioizima kabisa.

Kuna pia njia ambayo ningependa isahauliwe: kupulizia etha kwenye tundu la hewa. Etha huwaka kwa joto dogo sana. Ikikutana na plagi ya hita iliyokwisha kuwa nyekundu hulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni nyingi nzuri zimevunjika hivyo.

Kufikia 1980 Mercedes ilikuwa imehamia kwenye plagi nyembamba zinazopokea umeme kila moja kivyake, na dakika ikawa sekunde chache. Kisha kile chumba cha L'Orange kikaondoka. Injini zinazonyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni hazina ukuta wa ziada wa kuiba joto. Malori na matrekta yalikuwa na mpango huo tangu zamani. Massey Ferguson 135, inayojulikana vizuri na wakulima wa nyanda zetu za juu, haina plagi ya hita hata moja, ina Thermostart tu, kijiti kinachochoma matone ya dizeli kwenye njia ya hewa. Mwaka 1989 Audi iliuingiza mpango wa kunyunyiza moja kwa moja kwenye gari lake la 100 TDI, na kusubiri kukaanza kutoweka.

Mercedes za dizeli za zamani zilizobaki, kama 240 D, bado zinawaka huko kaskazini, kwa oili nyepesi, betri kubwa na waya wa ukutani. Zinapogoma, watu hukimbilia kununua plagi mpya, na mara nyingi kosa liko kwingine. Kwenye injini hizi nafasi ya vali hupungua kadiri gari linavyotembea, vali haifungi sawasawa, hewa inavuja, na joto la mbano linakosekana palepale linapohitajika zaidi. Plagi ya hita haiwezi kulifidia. Kinachohitajika ni spana mbili, bati jembamba la kupimia nafasi, na saa chache za fundi mvumilivu, na mara nyingi gari lililokuwa likikohoa moshi mweupe hurudi kushika mapema stata inapozunguka.