Martlet za Diego Suarez na usalama wa Kilindini



Tukizungumza habari za Vita Vikuu vya Pili na watu wetu, aghlabu tunaishia kwa askari wa KAR kule Burma. Ni haki yao. Lakini mwaka 1942 vita vilitufikia mlangoni kabisa, na miongoni mwa waliovizuia ni marubani wachache wa jeshi la maji la Uingereza: Kikosi nambari 881, kilichoruka kutoka sitaha ya manowari Illustrious.

Turudi nyuma kidogo. Aprili mwaka huo Wajapani waliishambulia Ceylon. Tarehe 9 wakaizamisha Hermes, manowari ya kubebea ndege ambayo siku hiyo haikuwa na ndege hata moja! Admeri Somerville alikwisha zirudisha manowari zake kongwe Kilindini. Sasa hofu ikawa Diego Suarez, bandari ya kaskazini ya Madagascar, iliyokuwa mikononi mwa Wafaransa wa Vichy. Wajapani wakiipata hiyo, njia ya meli zinazopeleka zana Misri kupitia mlango wa Msumbiji imekatika, maana Mediterania ilikuwa haipitiki. Na Mombasa inabaki wazi.

Waingereza wakaiwahi tarehe 5 Mei. Ndege za mabomu kutoka Illustrious na Indomitable zilipiga uwanja wa Arrachart na meli bandarini, nyambizi Bévéziers ikazama. Kazi ya 881 ilikuwa nyingine: kulinda anga ili wanaoteremka pwani wasipigwe kutoka juu. Walirusha Martlet, ndege ya Grumman ya Marekani, fupi na nene kama pipa, yenye mabawa ya kukunjwa. Hilo la kukunja watu hulipuuza, kumbe lifti za Illustrious zilikuwa nyembamba, na ndege isiyokunjika haishuki chini ya sitaha. Tarehe 7 wakakutana na Morane 3 za Wafaransa. Zote 3 zikaanguka, Martlet moja ikapotea, na siku hiyo hiyo Antsirane ikasalimu amri.

Mtu atasema: Morane 3 tu ndio historia? Mimi naona mlinzi hapimwi kwa wezi aliowaua. Na tusidhani hofu ile ilikuwa ya bure. Tarehe 30 Mei nyambizi ndogo za Kijapani ziliishambulia bandari ile ile, zikaiumiza manowari Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty.

Halafu kuna la kuwafurahisha wanaisimu. Jeshi la maji la Uingereza lina mila ya kuviita vituo vyake vya ndege vya nchi kavu kwa majina ya ndege wa angani. Huku kwetu wakachukua Kiswahili: Korongo cha Nairobi, Kipanga karibu na Mombasa. Cha Tanga kiliitwa Kilele, nacho si ndege hata kidogo.

Septemba Illustrious ilirudi, safari hii Majunga, na Martlet zake zikiwa juu. Nyuma ya kikosi cha kwanza waliteremka askari wa KAR wa Brigedi ya 22, wakaanza safari ndefu ya nchi kavu kuelekea Antananarivo. Mji ulianguka tarehe 23, na mapatano yakatiwa saini mapema Novemba.