Mtungi hupanda ndege mtupu: historia ya wazamiaji kwenye maziwa yetu

BUKAVU – Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Ilikuwa imetoka Minova, hapa Kivu ya Kusini. Vita vilikuwa vimefunga barabara, na wahamaji, wafanyabiashara na watoto walikuwa wamebaki na njia ya ziwa tu. Gavana wa jimbo alitangaza kwamba abiria walikuwa 278, na hesabu ya kwanza ya waliokufa ilikuwa 78. Waliosimama ufukweni waliiona ikizama.

Ajali kama hiyo inarudisha swali la zamani: je, vifaa vya kuzamia viletwe na ndege, au viwepo ziwani? Mtalii anayekwenda kuzamia Zanzibar hulipima kwa pesa. Akibeba vyake, analipia uzito. Akikodi Nungwi, analipia siku. Kwa watu wa ziwani kipimo ni saa.

Mfumo wa kisasa wa mtungi wa hewa anaobeba mzamiaji mgongoni ulianzia Ufaransa mwaka 1943, kwa kazi ya Cousteau na Gagnan. Lakini mtungi huo haupandi ndege ukiwa umejaa. Hutolewa hewa kwanza, kisha hujazwa kwa mashine maalum kule unakofika. Pasipo na mashine hiyo, mtungi ni chuma tu.

Majirani wa Tanzania waliyaona hayo. Tarehe 21 Mei 1996, meli MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Ilibaki ikielea, na walionaswa ndani walisikika wakigonga. Tumbo la meli lilipotobolewa ili watolewe, hewa ilitoka, ikazama. Wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini walikuja na vifaa vyao, lakini kazi iliyobaki ilikuwa ya kutoa maiti.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka Ukara, katika ziwa lile lile. Zaidi ya watu 200 walikufa. Ila siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mmoja wa mitambo akiwa hai, aliyekuwa amejificha penye hewa.

Ziwa Kivu lina ugumu wake. Liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na hesabu za kuzamia za baharini hazitoshi hapa. Mzamiaji lazima apande polepole zaidi, na akitoka majini asikimbilie ndege siku hiyo hiyo.

Februari 2025 uwanja wa Kavumu uliingia mikononi mwa M23, na safari za ndege za abiria zikasimama. Anayesubiri msaada wa angani, basi, anasubiri nini? Mashine moja ya kujaza hewa, mitungi michache na vijana wa Bukavu, Minova na Idjwi waliofundishwa vizuri wangefika kabla ya ndege yoyote.