Kibali cha veranda si cha matajiri pekee

Wasee, huku Nyamache siku hizi kila mtu anataka veranda: nguzo nne za chuma, mabati juu, wavu wa mbu pande zote. Iko fiti. Lakini uliza mwenye boma kama ana kibali cha kaunti, atakucheka. "Hiyo ni ya magorofa ya Nairobi."

Si ujinga, ni historia. Kanuni za ujenzi za 1968, zilizofuata sana za Uingereza, baraza lilikuwa na hiari ya kuzipitisha ama kuziacha. Kwa hivyo kijijini watu walijenga vile wanajua, na wazo la kwamba kibali ni kitu cha mjini likakaa. Halafu Katiba ya 2010 ikapea kaunti kazi ya mipango, na sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 ikasema hakuna kujenga bila ruhusa ya kaunti. Nyamache pia imo. Zile za 1968 zenyewe zimebadilishwa juzi tu. Kanuni mpya zilianza Machi 2025.

Mwaka huo huo wa 2019, Septemba, darasa la shule ya Precious Talent kule Dagoretti liliporomoka, watoto 8 wakafa. Halikuwa gorofa refu. Jengo dogo pia huua.

Na veranda ina adui wake: upepo. Ukiingia chini ya paa lililo wazi pembeni, unalinyanyua. Kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Florida, Marekani, walilipia somo hilo. Kimbunga Andrew kilibomoa maelfu ya nyumba Agosti 1992, na kufikia 2002 jimbo zima lilikuwa na kanuni moja ya ujenzi. Leo huko hata kibanda cha wavu juu ya bwawa la kuogelea kinaombewa kibali.

Najua mtasema kibali ni pesa na safari nyingi za ofisini. Ni kweli, na hapo ndio ningetaka kaunti ibanwe: itoe mchoro mmoja wa veranda ndogo uliopitishwa na mhandisi, bei ijulikane, na ruhusa ipatikane hapa karibu. Kwa sasa, kabla hujamlipa fundi, muulize nguzo zinaingia chini futi ngapi, na paa limefungwa na nini lisinyanyuke. Akianza kuzunguka, tafuta mwingine.