Kadi Mlangoni mwa Shule

Ukimpeleka mtoto nasari hapa Nairobi, mara nyingi utaulizwa kadi ya kliniki. Nikataka kujua ni nani alianza kuweka chanjo kwa mlango wa shule.

Jibu moja la zamani liko Marekani. Mji wa Boston ulianza kudai chanjo ya ndui kwa wanafunzi mwaka wa 1827, na mwaka wa 1855 jimbo zima la Massachusetts likaifanya sheria. Sababu yake unaiona darasani: watu wazima wametawanyika, lakini watoto hukusanyika kila asubuhi, wakipumuliana.

Basi kukawa na watoto waliofungiwa nje. Kule San Antonio, Texas, Rosalyn Zucht alikataliwa na shule ya umma, hata ya binafsi, kwa kukosa cheti cha chanjo. Upande wake ukateta: kwani sasa kuna haja gani? Mwaka wa 1922 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba mji ulikuwa na haki.

Mimi naiunga mkono hukumu hiyo. Ukingoja ndui ifike ndio uchanje, umechelewa. Oktoba 1979, hapa hapa Nairobi, WHO ilitangaza kwamba Pembe ya Afrika haina tena ndui. Leo hakuna shule inayoiulizia.

Ila anayebaki nyumbani ni mtoto, na kadi haikuwa kazi yake. Akikosa kadi, shule isimfukuze tu. Imwelekeze mzazi kliniki ya serikali, ambako chanjo hizi ni za bure, kisha imngoje mtoto.