Sifuri-mbili nyumbani: hesabu ya Gor tunayokataa kuifanya

Wasee wa Kondele, leo tuwache refa apumzike. Nataka tuongee kuhusu 0-2. Gor Mahia ilifungwa 0-2 Nairobi mwaka 1979 kwenye mashindano ya Afrika, halafu ikafungwa 0-2 tena Nairobi mwaka 2019. Miaka 40 katikati, matokeo yale yale. Ajabu ni kwamba hiyo ya kwanza karibu hakuna anayeitaja hapa mtaani.

Tuanze na ya karibu. Aprili 2019, robo fainali ya Kombe la Shirikisho, RS Berkane ya Morocco imekuja Kasarani. Wengi hata huo mji walikuwa wanausikia mara ya kwanza. Bao moja, mawili, na unajua vile Kondele huwa timu ikiwa nyuma. Yule aliyekuwa anaimba anaanza kumchambua kocha. Mwingine anaapa kuna dawa imezikwa golini. (Na timu yenyewe imepewa jina la Gor, mganga maarufu wa Kanyamwa, kwa hivyo hayo maelezo kwetu hayako mbali.) Kesho yake hasira imepoa na kila mtu ana hesabu yake: ati tukipata moja mapema kule kwao, watatetemeka. Wiki moja baadaye Berkane wakatupiga 5-1. Jumla 7-1. Hao Berkane walienda hadi fainali, wakashindwa na Zamalek kwa penalti tu.

Hiyo imani ya "mechi bado" tuliirithi. Imetoka 1987, na kila mzee hapa anaweza kukuhadithia: Gor dhidi ya Espérance ya Tunisia, fainali ya Kombe la Washindi Afrika, lililoitwa Kombe la Mandela wakati Mandela mwenyewe bado yuko jela. Tunis 2-2. Kasarani, uwanja mpya kabisa uliojengwa kwa Michezo ya Afrika ya mwaka huo huo, 1-1, Peter Dawo akifunga. Jumla 3-3, kombe likabaki kwa bao la ugenini, na nahodha Austin Oduor akalipokea. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyochukua kombe la bara kama hilo mpaka leo.

Lakini story ikirudiwa sana inalainika. Tunaihadithia kama ushujaa wa kutoka nyuma, na sivyo ilivyokuwa. Gor ilianza ugenini, ikatafuta mabao yake mawili kule kule Tunis, ndio ikarudi nyumbani na kitu mfukoni. Hata hivyo, pale kwenye 1-1, bao moja tu la Espérance lingebeba kombe hadi Tunis. Tulishinda kwa unyoya, bana. Ukiwa umefungwa 0-2 kwako, 1987 haikusaidii chochote. Hiyo ni hesabu ya mtu mwingine.

Hesabu yako iko 1979. Gor ndiyo klabu ya kwanza ya Kenya kufika fainali ya kombe la Afrika, miaka 11 tu baada ya kuundwa 1968. Ikakutana na Canon Yaoundé. Golini kwao alikuwa Thomas N'Kono, mchezaji bora wa Afrika mwaka huo huo. Kulikuwa na Théophile Abega pia, aliyepata tuzo hiyo 1984. Hao wawili ndio baadaye walienda Kombe la Dunia 1982 na Cameroon, wakatoka bila kupoteza mechi hata moja, wakiwemo Italia waliotoka nao 1-1 kabla ya kuwa mabingwa. Sasa hao ndio walikuja Nairobi wakashinda 0-2. Marudiano Yaoundé, 6-0. Jumla nane bila jibu.

Kwangu mimi hiyo si aibu. Ni timu ya vijana wetu iliyofika mahali ambapo hakuna Mkenya alikuwa amefika, ikakuta watu waliokuwa bora kuliko karibu kila mtu barani. Uchawi hauhitajiki hapo. Lakini kwa sababu tuliificha, kila tukiwa nyuma tunaona ni kama kitu kipya tumefanyiwa, na lazima kuwe na mwenye makosa: kocha, refa, kipa, mtu aliyeonekana karibu na goli asubuhi.

Kwenye ligi tumejifunza subira kwa nguvu. Ubingwa wa 1995, halafu kimya mpaka 2013. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ule ubingwa alikuwa ametimiza umri wa kuchukua kitambulisho kabla hajaona mwingine. Na 2012 ndiyo iliuma zaidi, tulipotoka sare na Thika United siku ya mwisho, Tusker wakabeba kwa pointi moja. Hiyo kila mtu anaihadithia, na anaihadithia vizuri, na dakika zake zote.

Kwa hivyo nawatafuta wazee. Kama ulikuwa uwanjani Nairobi ile siku ya Canon 1979, au ulisikiliza zile sita za Yaoundé kwenye redio, nitafute hapa Kondele, chai juu yangu. Ya 1987 usijisumbue, omera. Hiyo nishaisikia.