Majigambo ya Mwindaji na Ushahidi wa Waliowindwa: Kutoka Uhuru wa Watumwa hadi Kurasa za Facebook za Eastlands

Mtaa wa Mbotela, ulio kando ya Barabara ya Jogoo katika Eastlands ya Nairobi, ulipewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU na ambaye aliuawa jijini humo Novemba 1952, mwezi mmoja hivi baada ya kutangazwa kwa hali ya hatari. Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili jina hilo lina asili ya mbali zaidi. Baba yake Tom, James Juma Mbotela, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotolewa London mwaka 1934 na ambacho huhesabiwa miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya nathari ndefu ya Kiswahili yaliyoandikwa na Mwafrika. Kitabu hicho chasimulia jinsi watu wa bara walivyonaswa na wafanyabiashara ya utumwa, wakaswagwa hadi pwani, wakapakiwa majahazini, kisha wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza na kutuliwa Freretown, kijiji cha wamisionari kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875. Ukoo wa mwandishi ulikuwa miongoni mwa waliofika pwani kwa njia hiyo, kutoka pande za Nyasa.

Uhakiki wa Uhuru wa Watumwa umejishughulisha zaidi na sifa ambazo mwandishi anawamiminia Waingereza, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini imefunika jambo jingine. Hii ni hadithi ya uwindaji iliyosimuliwa na kizazi cha waliowindwa. Mitego, hila za kitambaa na ushanga, kuvizia, kukimbizwa, kufungwa: yote hayo yameelezwa kutoka upande wa anayekimbia. Hadithi za namna hiyo ni chache mno. Katika sehemu kubwa ya maandishi ya uwindaji wa Afrika Mashariki mwenye kushika kalamu, na baadaye kamera, amekuwa ni mwindaji mwenyewe.

Mwindaji kujisifu si ajabu, wala si aibu. Utanzu wa majigambo, ambao baadhi ya wataalamu huuita vivugo, humruhusu mtu, bali humtaka, atangaze ushujaa wake kwa nafsi ya kwanza, kwa chuku na kwa majina ya sifa aliyojibunia. Ebyevugo vya Wahima wa Ankole, vilivyochapishwa na Henry Morris mwaka 1964, ni mfano mashuhuri wa utungo huo wa kishujaa. Hata hivyo majigambo yalikuwa na sharti ambalo ni rahisi kulisahau yanaposomwa kitabuni, nalo ni kwamba yalitolewa mbele ya watu waliomjua mwenye kujigamba. Miongoni mwa wasikilizaji walikuwamo waliokwenda naye, na aliyetia chumvi kupita kiasi alijua kuwa yupo wa kumcheka. Kwa hiyo haishangazi kwamba mtungaji aghalabu huwataja wenzake kwa majina. Kuwataja ni kuwaita watoe ushahidi. Makala haya yanadai kwamba historia ya uwindaji wa kisasa katika eneo hili, ikitazamwa kama historia ya usimulizi, ni historia ya majigambo kunyang'anywa shahidi wake.

Mfano wa pwani unasaidia hapa. Fumo Liyongo, ambaye mapokeo yanamhusisha na Utumbuizo wa Uta, ni hodari wa upinde ambaye mwishowe anageuka windo la mtawala. Katika utenzi aliomtungia Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, Liyongo, akiwa amekwisha kuchomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, anakwenda karibu na kisima, anapiga goti, anatia mshale upindeni na kufa katika hali hiyo. Watu wa mji wanaogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai. Maiti hapa imejiwekea sura yake yenyewe, na sura hiyo bado inawatisha waliomwua. Yafaa taswira hiyo ikumbukwe tunapoziendea picha za karne ya ishirini, ambamo mfu hana hiari ya namna atakavyoonekana.

Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache baada ya kuacha urais wa Marekani. Jarida la Scribner's lilikuwa limekubali kumlipa dola 50,000 kwa makala za safari yake. Mwanawe Kermit ndiye aliyekuwa mpiga picha. Taasisi ya Smithsonian iliyatia mauaji hayo joho la sayansi, na kwa kweli vielelezo vilivyopelekwa Washington vilikuwa maelfu. Waandishi wa magazeti waliombwa wasimwandame. Ombi hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana: aliyekwisha kuuza hadithi yake hakutaka pawe na msimulizi wa pili. Kitabu kilichotokana na makala hizo, African Game Trails, kilitoka mwaka 1910, nacho kina orodha ya wanyama ambao baba na mwana waliwaua kwa bunduki, jumla yao 512, wakipangwa kwa aina. Nyati wa Kamiti, mahali ambapo siku hizi Mkenya akipasikia hufikiri gereza, wamo.

Ni haki kusema kwamba Roosevelt hakuwanyima majina wabeba bunduki wake, na kuna kurasa ambazo anawasifu kwa macho yao makali na miguu yao isiyochoka. Msafara ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Walioiona nyayo kwanza, waliomwonyesha mnyama yuko wapi, waliochuna ngozi na kubeba pembe, ni hao. Wangeweza kuwa wasikilizaji wa majigambo kwa maana ya kale, kwani walikuwapo. Ila majigambo hayo hayakusemwa kwao. Yalisemwa kwa Kiingereza, yakachapwa New York, na hadhira yake haikuwa na njia ya kujua chochote ila kile ilichoambiwa.

Jinsi shahidi alivyokuwa amekwisha kuwa kitu kisichohitajika ilidhihirika mwaka uo huo wa 1909. William Selig, mtengeneza filamu wa Chicago, hakupata nafasi ya kwenda na Roosevelt, basi akaitengeneza safari hiyo nyumbani kwake. Alitafuta mwigizaji aliyefanana na rais huyo, akanunua simba, akawavika Wamarekani weusi wa Chicago nguo za wapagazi, na simba akapigwa risasi studioni mbele ya kamera. Habari za Roosevelt kuua simba zilipofika Marekani, filamu ilikuwa tayari. Watazamaji wengi waliamini kuwa wameiona Afrika. Wakati huohuo Cherry Kearton, aliyempiga Roosevelt picha za filamu kwelikweli huku Kenya, alipata mapokezi hafifu kuliko bandia ile. Mpagazi wa Chicago na mpagazi wa Kamiti wakawa kitu kimoja, yaani sehemu ya mandhari.

Idadi nayo huwa mali ya msimulizi. J. H. Patterson, aliyewaua simba wawili wa Tsavo Desemba 1898 wakati wa ujenzi wa reli, aliandika katika kitabu chake cha 1907 kwamba wafanyakazi 28 wa Kihindi waliliwa, na kwamba Waafrika walioliwa hawakuwekewa kumbukumbu. Baadaye, ngozi za simba hao zilipokwisha kuuzwa kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago mwaka 1924, idadi ilipanda ikawa 135. Uchunguzi wa kikemia wa mabaki ya simba hao, uliotolewa mwaka 2009, ulikadiria watu 35 hivi. Kadiri mnyama alivyokuwa mbaya zaidi, ndivyo aliyemwua alivyokuwa mkubwa zaidi. Na wafu waliokosa majina wakawa akiba ya kuongezea chuku.

Upande wa pili wa historia hii ni wa yule asiyejigamba kabisa. Sheria za kikoloni za wanyama ziligawa kitendo kimoja kuwa viwili: aliyelipia leseni alikuwa mwindaji, na Mwata au Mkamba aliyewinda kwa upinde kama babu zake alikuwa mhalifu. Kampeni ya Tsavo ya 1956 na 1957 iliwafunga Waata wengi, ambao pinde zao zilikuwa nzito kuliko uwezo wa wengi waliowakamata kuzivuta. Neno jangili, ambalo katika matumizi ya Kenya lamshika mwindaji haramu na mnyang'anyi wa barabarani kwa mkono mmoja, halina nafsi ya kwanza. Hakuna asemaye "mimi jangili". Huyu husemewa, na picha yake hupigwa na waliomtia mbaroni: ameketi chini, pingu mikononi, pembe zimepangwa mbele yake. Muundo wa picha ni uleule wa Roosevelt. Mahali pa mwindaji pamebadilishwa tu.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977. Tangu hapo kizazi baada ya kizazi cha Nairobi kimekua bila kumwona mwindaji halali, ingawa mbuga ya taifa iko kilomita chache tu kutoka Mbotela. Serikali ilijitwalia jukwaa lake yenyewe kwa kuteketeza pembe hadharani, tani 12 mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016. Mwindaji akarudi machoni pa watu kupitia simu. Mwaka 2014 Tanzania ilifuta leseni ya kampuni moja ya uwindaji baada ya video ya wageni wake wakiwatesa wanyama kufika kwa wabunge. Julai 2015 aliuawa simba Cecil wa Zimbabwe, na ghadhabu ikazagaa ulimwenguni. Mwaka 2018 ni picha ya Mmarekani aliyesimama kando ya twiga mweusi aliyekuwa amemwua Afrika Kusini mwaka uliotangulia. Katika picha za aina hii mnyama huinuliwa kichwa, hufutwa damu, hurudishwa ulimi kinywani, ili aonekane kana kwamba amejilaza. Liyongo alijipigisha goti mwenyewe, hawa hupigishwa.

Wawindaji wengi walijifunza haraka. Maelezo ya chini ya picha yalianza kusema juu ya uhifadhi, juu ya nyama iliyogawiwa wanakijiji, juu ya mnyama mzee aliyewafukuza madume vijana. Baadhi ya hoja hizo zina ukweli, na si kazi ya mhakiki wa fasihi kuamua idadi ya twiga. Linalomhusu ni kwamba wanakijiji waliopewa nyama hutajwa bila kusema, sawasawa na wapagazi wa 1909. Wengine wameacha picha kabisa. Tembo wenye pembe kubwa wa mbuga ya Amboseli walipouawa upande wa Tanzania kuanzia Septemba 2023, iliripotiwa kwamba mizoga ilichomwa moto.

Kama mambo yangeishia hapo, suala hili lingekuwa la wanyama na wageni. Lakini kuanzia miaka ya 2016 na 2017 muundo uleule ulijitokeza Eastlands, na safari hii windo lilikuwa kijana. Katika makundi ya Facebook yaliyojitambulisha kuwa ya kupambana na uhalifu Dandora, Kayole na kwingineko, waandishi waliojificha nyuma ya majina ya kubuni, lililovuma zaidi likiwa Hessy, waliweka picha za vijana walioitwa majambazi. Kwanza huja picha ya kijana akiwa hai, amevaa viatu vipya. Kisha huja onyo. Kisha, siku au wiki chache baadaye, picha ya maiti. Chini yake wasomaji hupongeza kwa mamia.

Si vigumu kuelewa pongezi hizo. Mkazi aliyenyang'anywa simu akishuka matatu, au aliyezika jirani aliyepigwa risasi na wezi, hasomi picha hiyo kwa utulivu wa maktabani, na mhakiki anayemdharau hatamwelewa. Ila maandishi yenyewe yachunguzwe kama maandishi. Haya ni majigambo yasiyo na mwenye kujigamba. Roosevelt alitia sahihi. Hessy ni kinyago, na hivyo hata lile fungu dogo la kuwajibika ambalo jina la kweli humletea mtu halipo. Orodha ipo, picha ipo, chuku ipo, na hadhira imekaribia mno, maana mama wa marehemu anaweza kuwa miongoni mwa wanaosoma. Lakini ukaribu haujamfanya msomaji kuwa shahidi. Hakuwapo uchochoroni. Anaambiwa kwamba huyu alikuwa jambazi kwa njia ileile ambayo msomaji wa New York aliambiwa kwamba nyati alikuwa mkali, na kwa sababu hiyo picha ya pili husimama mahali pa kesi ambayo Katiba ya 2010, katika ibara za 26 na 50, ilimwahidi kila mtu.

Simu hiyohiyo ndiyo iliyomrudisha shahidi. Machi 31, 2017, huko Eastleigh, mtu mwenye nguo za kiraia alipowapiga risasi vijana wawili waliokwisha kudhibitiwa, mpita njia alirekodi. Video ile haikuwa na maelezo ya kujisifu wala pozi. Ilienea, na tukio likachunguzwa na IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Mwaka uo huo Mathare Social Justice Centre ilitoa ripoti yake juu ya mauaji ya namna hiyo, iliyokusanywa na wakazi wenyewe kwa kuzungumza na ndugu za waliouawa. Lugha yake si ya kifasihi, nayo haikukusudiwa hivyo. Lakini msimamo wa msimulizi ni ule wa Uhuru wa Watumwa, na kwa mhakiki wa Kiswahili huo ndio ukoo wake, ingawa mtangulizi wake aliwashukuru manahodha wa Uingereza ilhali hii haina wa kumshukuru. Orodha ya mwisho wa kitabu cha 1910 imepanga wafu wake kwa aina. Hapa mfu ana jina, umri, mahali alipoangukia, na mtu aliyekuwa akimngojea nyumbani jioni hiyo.